Mfanyabiashara wa mpakani, kamera ndogo ni daftari lako la pili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wengi wanaovuka Busia, Malaba, Namanga, Mutukula, Rusumo na Gatuna wanaijua methali hiyo, na wengi wanaifuata. Daftari lipo, kalamu ipo, hesabu za jioni zinaandikwa. Lakini daftari lina udhaifu ambao kila aliyewahi kubishana na dereva, dalali au mnunuzi anaufahamu: limeandikwa na wewe mwenyewe. Ukisema ulipakia magunia 40 na mwenzako akasema alipokea 38, ni neno lako dhidi ya lake, na mara nyingi mwenye sauti kubwa au mwenye kujuana na watu ndiye anayeshinda.

Maoni yangu ni kwamba wakati umefika kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani kuifanya picha kuwa sehemu ya kazi ya kila siku, kama anavyofanya kwa mizani na kalamu. Sizungumzii picha za harusi wala za kujionyesha. Nazungumzia picha za kawaida kabisa: gunia, tenga, mizani, risiti, namba ya gari, turubai lililofungwa. Na kwa kazi hiyo, kamera ndogo ya dijitali inayoingia mfukoni, ile ambayo wengi waliitupa kabatini simu za kisasa zilipoingia, bado ni chombo kizuri, pengine kizuri kuliko tunavyodhani.

Katika nchi zetu picha ilikuwa jambo la sikukuu. Watu walivaa nguo nzuri, wakaenda studio, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mfano wa nyumba za picha zilizohifadhi sura za vizazi kwa njia hiyo. Filamu ilikuwa na gharama, kusafisha kulikuwa na gharama, na hakuna aliyeweza kupoteza picha kwa gunia la maharage. Dijitali imeondoa gharama hiyo. Picha ya kumi na ya mia zina bei ile ile, yaani karibu bure. Lakini tabia yetu bado ni ya enzi ya filamu: tunapiga picha mambo makubwa, na mambo madogo yanayotulisha kila siku hatuyapigi.

Mzozo huanzia pale mzigo unapobadilisha mikono

Tuchukue mfano ambao msomaji yeyote wa ukurasa huu anaweza kuukamilisha mwenyewe. Mama ananunua matenga kumi ya nyanya na kumkabidhi dereva wa gari la mizigo. Gari linavuka mpaka usiku. Asubuhi, upande wa pili, mnunuzi anasema matenga mawili yamepondeka na hatayalipia. Dereva anasema aliyapokea hivyo hivyo. Wapagazi wanasema hawakuyaangusha. Mama hana la kusema isipokuwa kwamba yeye aliyaona mazima. Kwa mtaji wa matenga kumi, kupoteza mawili kunaweza kumeza faida yote ya safari.

Sasa fikiria kwamba kabla turubai halijafungwa, mama huyo alipiga picha nne: matenga yote kumi yakiwa ndani ya gari, namba ya gari, nyanya za tenga la juu kwa karibu, na karatasi ya makabidhiano yenye sahihi ya dereva. Hizo picha hazimalizi ubishi wote, lakini zinaubadilisha. Swali halitakuwa tena kama nyanya zilikuwa nzima wakati wa kupakia. Litakuwa nani aliziharibu kati ya hapa na pale, na hilo ni swali ambalo mama hana haja ya kulijibu peke yake.

Ndivyo ilivyo kwa lumbesa. Wakala wa Vipimo Tanzania umekataza ujazo huo kwa miaka, lakini kila mnunuzi wa viazi au vitunguu anajua gunia lililoongezwa kilemba linavyoweza kuhesabiwa kama gunia moja. Picha ya gunia likiwa juu ya mizani, namba za kilo zikionekana, inaondoa neno "gunia" katika mazungumzo na kuleta neno "kilo". Mkulima analindwa, na mnunuzi mwaminifu analindwa pia.

Kuna pia mzigo unaoharibika kwenye foleni. Ndizi, samaki na maziwa havisubiri mtu amalize chai. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha imetoa njia ya kuripoti vikwazo hivyo. Tatizo ni kwamba malalamiko mengi ya wafanyabiashara wadogo hubaki maneno ya mdomo yanayotolewa chini ya mti. Picha mbili zenye tarehe na saa, moja ya samaki wakifika mpakani na nyingine ya samaki hao hao siku iliyofuata, zinayapa maneno hayo uzito.

Kwa nini kamera, wakati simu ipo?

Nimelisikia swali hili mara nyingi, na ni swali la haki. Simu nyingi za leo zinapiga picha safi. Mwenye simu nzuri na anayeitunza vizuri hana sababu ya kukimbilia kununua kitu kingine. Aanze na alichonacho.

Hata hivyo, simu ya mfanyabiashara imebeba mambo mengi mno. Ina pesa zake, namba za wateja wake, mazungumzo ya familia na siri za biashara. Ukitaka kumwonyesha mtu picha ya mzigo, unamkabidhi vyote hivyo mkononi. Ikiibiwa stendi, umepoteza pesa na ushahidi kwa wakati mmoja. Betri yake ikiisha saa kumi jioni kwa sababu ya simu za wateja, picha ya makabidhiano ya saa kumi na mbili haitapigwa. Na hifadhi yake ikijaa video za makundi, mtu wa kwanza kufutwa ni gunia.

Kamera ndogo haina pesa ndani yake. Ina kadi inayotoka, na kadi hiyo unaweza kuiacha nyumbani au kumpa katibu wa chama chenu aitunze. Betri yake inatoka na kubadilishwa. Nyingi zina lenzi inayosogea yenyewe kuvuta kitu cha mbali bila kuharibu ubora wa picha, kwa hiyo unaweza kusoma namba ya gari bila kulisogelea. Zina pia alama ya ua dogo kwenye vitufe, ambayo wengi hawajui kazi yake: ukiichagua, kamera inapiga vitu vya karibu sana, kama maandishi ya risiti, chapa ya mfuko wa mbegu au dondoo la mdudu kwenye punje ya mahindi.

Bei nayo imebadilika kwa upande wetu. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda mhandisi Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Miaka 35 baadaye, mwaka 2010, watengenezaji walio katika chama chao cha Japani walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 kwenda masoko ya dunia. Kisha simu zikaja juu, na kufikia mwaka 2020 idadi ilikuwa imeshuka chini ya milioni 9. Maana yake kwa mnunuzi ni rahisi: kuna mamilioni ya kamera ndogo zilizotumika kidogo na kuwekwa kando, na baadhi yake zinafika kwenye maduka yetu ya vitu vya mtumba. Kamera ya megapikseli 10 inaonekana ya kizamani kwa kijana wa mjini, lakini inatosha kabisa kwa risiti na gunia.

Ukinunua ya mtumba, angalia mambo matatu. Kwanza betri na chaja yake, kwa sababu chaja iliyopotea inaweza kukusumbua kuliko kamera yenyewe. Pili kadi: kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi zinazozidi GB 2. Hilo lisikutishe, maana kadi ya GB 2 inabeba kama picha 500 za megapikseli 10. Tatu lenzi: iwashe, izime, iwashe tena. Lenzi inayogoma kutoka au yenye mchanga ni ugonjwa usiostahili pesa yako.

Picha nne, kila mzigo, kila siku

Nguvu ya picha hizi iko katika mazoea. Mtu anayepiga picha siku ya ugomvi tu anaonekana anatengeneza kesi. Anayepiga kila mzigo, siku ya heri na siku ya shari, ana kumbukumbu.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Picha ya kwanza iwe ya mbali, ionyeshe mzigo wote pamoja na chombo kinachoubeba, namba yake ikisomeka. Ya pili iwe ya karibu, ionyeshe hali ya bidhaa. Ya tatu iwe ya kipimo: mizani, au idadi iliyopangwa kwa safu zinazohesabika. Ya nne iwe ya karatasi: risiti, hati ya makabidhiano au kibali. Mzigo ukifika, piga nne nyingine kwa mpangilio ule ule. Picha nane, chini ya dakika tano.

Upande wa mwanga, simama jua likiwa mgongoni mwako. Ndani ya gari lenye turubai, flashi inaweza kung'aa kwenye mifuko ya nailoni na kufuta maandishi. Sogea pembeni kidogo badala ya kupiga ukiwa umeikabili mifuko moja kwa moja. Bonyeza kitufe nusu kwanza, subiri kamera ishike lengo, kisha malizia. Watu wengi wanaolaumu kamera kwa picha zenye ukungu hawajawahi kuipa nafasi hiyo ya sekunde moja.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu sisi wa ukanda huu: saa. Kenya, Uganda na Tanzania zinakwenda kwa majira yale yale. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma kwa saa nzima. Ukiondoka upande wa Tanzania pale Rusumo saa nane mchana, ng'ambo ya daraja bado ni saa saba. Mtu anayebadilisha saa ya kamera kila anapovuka atapata picha zinazoonyesha mzigo umefika kabla haujaondoka, na mbele ya mtu anayetafuta dosari hiyo ni zawadi. Chagua saa ya nyumbani kwako, iweke kwenye kamera, uiache hapo hapo, na uandike kwenye daftari kwamba hiyo ndiyo unayotumia. Kumbuka pia kwamba kamera nyingi zikikaa muda mrefu bila betri hupoteza tarehe na kuanza upya. Ikague kila Jumatatu.

Ukifika nyumbani, usifute picha za awali na usizirembe. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na taarifa zake za ndani, kama tarehe na aina ya kamera, huondolewa. Itume kwa mteja ukitaka, lakini ile ya asili ibaki kwenye kadi. Siku hizi akili mnemba inaweza kuchora gunia ambalo halijawahi kuwepo, na kila picha inayoonyeshwa kwenye kioo cha simu itazidi kutiliwa shaka. Mwenye kadi yenye mfululizo wa picha za miezi sita, namba za mafaili zikifuatana bila pengo, atakuwa na jibu.

Sheria inasema nini

Wapo wanaodhani mahakama haziangalii picha za dijitali. Si kweli. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, Uganda ina yake ya mwaka 2011, na zote zinakubali ushahidi wa kielektroniki. Kinachopimwa ni kama unaaminika: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, nani aliushika. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyopatikana. Kwa hiyo aliyepiga picha anapaswa kujulikana, na kamera inapaswa kujulikana. Chama cha wafanyabiashara chenye kamera moja na mtu mmoja aliyepewa dhamana ya kuitunza kiko katika nafasi nzuri zaidi kuliko wanachama ishirini wenye picha zilizotawanyika.

Hata hivyo kesi nyingi za mpakani hazifiki mahakamani, wala hazina haja ya kufika. Zinaishia kwa mwenyekiti wa soko, kwa wakala wa forodha, au kwenye dawati la taarifa za biashara. Huko ndiko picha inakofanya kazi yake kubwa, kwa sababu huko watu wanataka kumaliza jambo na kurudi kazini.

Mipaka ya picha

Nisieleweke kwamba kamera ni dawa ya kila kitu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti. Hakuna picha inayoonyesha kiwango cha sumukuvu. Hilo ni jambo la maabara. Vilevile, picha ya shamba haiwezi kuchukua nafasi ya cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachotolewa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Mwenye mzigo unaostahili cheti achukue cheti. Picha ni msaidizi wa karatasi, haiwi mbadala wake.

Na kuna mahali ambapo kamera haitolewi mfukoni. Usipige picha askari, geti la mpaka, mashine za ukaguzi, ofisi za uhamiaji wala kambi za vyombo vya ulinzi. Ubao wa kukataza picha ukiwepo, uheshimu. Usipokuwepo, uliza kwanza. Usipige picha kitambulisho au pasipoti ya mtu bila ridhaa yake. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu 2022. Mpagazi au dereva unayetaka aonekane kwenye picha mwombe, na mweleze sababu. Mara nyingi atakubali, kwa kuwa hata yeye analindwa. Dereva mwaminifu amechoka kulipishwa vitu ambavyo hakuviharibu.

Wajibu wa mamlaka

Hapa ndipo nina deni la kuwadai wengine zaidi ya wafanyabiashara. Chini ya Sheria ya Jumuiya ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya mwaka 2016, vituo kama Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo vinaendeshwa ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja. Majengo ni mazuri. Lakini mfanyabiashara anayetoa kamera katika eneo la ukaguzi ili apige picha mzigo wake mwenyewe, uliofunguliwa kwa amri ya afisa, hajui kama atasaidiwa au atanyang'anywa. Kutojua huko kunamgharimu, kwa sababu ukaguzi ndio saa ambayo magunia yanafunguliwa, yanamwagwa na kufungwa upya.

Ombi langu kwa mamlaka za mapato na wakuu wa vituo ni dogo. Wekeni alama ardhini ndani ya eneo la ukaguzi, mahali ambapo mwenye mzigo anaruhusiwa kusimama na kupiga picha bidhaa zake kabla na baada ya kufunguliwa, bila sura ya afisa wala mitambo kuonekana. Wekeni ubao kwa Kiswahili unaosema wazi nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Na fomu za malalamiko ziwe na nafasi ya kuambatanisha picha. Afisa anayefanya kazi yake kwa haki hatapungukiwa na chochote. Atapata kinga dhidi ya tuhuma za uongo, ambazo nazo zipo.

Kwa vyama vya wafanyabiashara, nashauri mwanzo mdogo zaidi: kamera moja ya mtumba, kadi mbili, daftari moja la kuandika namba za picha na majina ya wenye mizigo. Mpeni kazi hiyo mtu asiye na haraka na mwenye mkono uliotulia. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na kitu ambacho hata ofisi za takwimu zingekitamani: kumbukumbu ya kilichovuka, hali yake, na muda kilichotumia njiani.

Kuna faida moja zaidi, nayo si ya ugomvi. Sisi waandishi wa habari tunakuja mpakani mara moja kwa miezi, tunampiga picha mwanamke mwenye mzigo kichwani, tunaandika maneno chini yake na kuondoka. Kwa wasomaji wengi, hiyo ndiyo biashara ya mpakani. Anayevuka kila alfajiri anajua kwamba biashara hiyo ni pia mizani iliyosawazishwa, madaftari yaliyojaa, mikopo iliyolipwa na mahindi yaliyochambuliwa punje kwa punje. Picha za kazi hiyo hazipo kwa sababu mwenye kazi hakuwa na kamera, au alikuwa nayo akaona gunia lake halistahili picha.

Linastahili. Kabla gari halijaondoka kesho, lipige.